Maswali ya Wasomaji: Mti Upi kwa Kazi Ipi?

Katika toleo lililopita tuliwauliza mafundi wa mbao wa Lindi na Mtwara swali moja: kama ingekulazimu kubaki na mti mgumu mmoja tu katika karakana yako, ungebaki na upi, na ungeufanyia kazi gani? Barua zimekuja kutoka pwani na bara, za maseremala, wachongaji, waunda majahazi na hata wanunuzi wa samani. Mninga umepata watetezi wengi kuliko mti mwingine wowote, mkongo umeufuata kwa karibu, na wachongaji, kama ilivyotarajiwa, hawakutaka kusikia jina lolote isipokuwa mpingo. Hata hivyo, karibu kila aliyejibu aliongeza swali lake mwenyewe, na maswali hayo yamenivutia kuliko kura zenyewe, kwa sababu mafundi wanaobishana juu ya mti mara nyingi huwa wanabishana juu ya mahali kitu kitakapokaa, na juu ya ukavu wa mbao siku zilipopigwa randa. Nimechagua barua chache. Nyingine nazijibu kwa kirefu, nyingine kwa maneno machache.

Mlango unaotazama bahari

*Mimi ni fundi wa milango hapa Mikindani. Mteja wangu anataka mlango mkubwa wa mbele, wa kuchongwa, katika nyumba inayotazama bahari. Kaka yangu aliyeko Lindi mjini anasisitiza nitumie mninga kwa kuwa haupindi. Mimi nimezoea mkongo. Tuamue, tafadhali.*

Ndugu yangu wa Mikindani, kwa mlango huo ninakuunga mkono wewe, ingawa hoja ya kaka yako si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba mninga ni miongoni mwa miti inayosinyaa kidogo sana inapokauka, na kwamba mbao zake zikishatulia hazipindi ovyo. Sifa hiyo ndiyo iliyoupa heshima katika samani za ndani. Lakini mlango wako utapigwa na jua, utalowa kwa mvua za Novemba hadi Aprili, na utapokea upepo wenye chumvi miezi yote ya kusi. Hapo ninachokitafuta kwanza ni uzito na ugumu wa uso, na mkongo, ambao wenzetu wa Unguja na Mombasa huuita mbambakofi, una vyote viwili: mita moja ya ujazo ya mkongo mkavu ina uzito wa takriban kilo 800, ilhali ya mninga ina takriban kilo 640. Mchwa hawakipendi kiini cha mti wowote kati ya hiyo miwili, ila kwa sehemu ya chini ya miimo, ambako maji ya kuosha sakafu hufika kila asubuhi, ninauamini zaidi mkongo.

Mkongo una tabia zake ambazo mteja hazijui na fundi hupaswa kuzijua. Hukauka polepole, kwa hiyo usikubali mbao zilizopasuliwa majuzi hata muuzaji akiapa. Nyuzi zake hupishana, kiasi kwamba randa isiyonolewa vizuri huzing'oa badala ya kuzikata, na msumari unaopigwa bila kutanguliza keekee huipasua mbao au hujipinda wenyewe. Ndani ya vinyweleo vyake mna ungaunga wa manjano ambao ukilowa huyeyuka na kuchafua nguo, na pia chokaa nyeupe ya ukuta ulio karibu. Ndiyo maana ninashauri upake mafuta pande zote za mbao, pamoja na zile zitakazofichwa ukutani, kabla ya kusimamisha miimo. Vumbi lake huwasumbua watu puani na kifuani, na si kupiga chafya tu, basi vaa barakoa hata kama wenzako wanakucheka.

Kuhusu nakshi, kaka yako apewe haki yake. Mninga hukatika kwa patasi kwa ulaini ambao mkongo hauna, na maua madogo yenye kingo kali hutoka safi zaidi. Ningekuwa mimi, ningetumia mkongo kwa miimo, kizingiti na fremu za mbawa mbili, kisha nikachonga mfaa, ule mhimili wa katikati kati ya mbawa, na paneli katika mninga, nikihakikisha kwamba miti yote miwili imekauka pamoja chini ya paa moja. Bawaba na skrubu ziwe za shaba, maana chuma cha kawaida karibu na bahari huanza kutu mapema na kuacha michirizi myeusi kwenye mbao. Na badala ya vanishi nzito inayong'aa, ambayo jua huibandua magamba magamba, tumia mafuta ya kitani, ambayo mwenye nyumba anaweza kuyarudia kila mwaka kwa kitambaa bila kumwita fundi.

Meza iliyopasuka Masasi

*Nilitengeneza meza ya kulia chakula kwa mninga niliouchagua mwenyewe. Niliunganisha mbao za juu kwa gundi, nikazifunga kwenye fremu kwa gundi na misumari pande zote nne, nikaikabidhi mwezi Machi. Kufikia Septemba ubao wa juu ulikuwa umepasuka katikati. Mteja anadai nilimuuzia mti wa bandia. Je, mninga wa siku hizi umeharibika?*

Mninga ni uleule, ndugu yangu. Kilichoipasua meza yako ni mwezi Machi na ile misumari ya pande nne, na jambo hili linastahili maelezo marefu kwa sababu malalamiko ya namna hii yamo katika barua nyingi tulizopokea, kila mmoja akiulaumu mti wake.

Mbao haziachi kubadilika baada ya kukauka. Hunywa unyevu wa hewa na kuurudisha, mwaka hata mwaka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo ni ya kawaida kwetu wakati wa mvua, huifanya mbao itulie ikiwa na maji yapatayo asilimia 16 ya uzito wake mkavu; unyevu wa hewa ukishuka hadi asilimia 65, mbao hushuka hadi karibu asilimia 12. Masasi iko bara, na kiangazi chake hukausha kuliko cha Mtwara mjini. Kwa hiyo mbao ulizoziunganisha Machi zilikuwa zimevimba kwa unyevu wa msimu, na kufikia Septemba zilikuwa zinataka kusinyaa kwa upana, kwa maana mbao husinyaa kwa upana na unene, na kwa urefu karibu haisinyai kabisa. Fremu yako, ambayo nyuzi zake zimelala kukatisha zile za ubao wa juu, ilikataa kusogea. Ubao wenye upana wa sentimita 90 ukisinyaa kwa asilimia 1 tu, umepungua milimita 9, na milimita hizo lazima zipatikane mahali fulani. Kwa kuwa ulizifunga kingo zote, zimepatikana katikati.

Mninga ulikusaidia kadiri ulivyoweza. Mti unaosinyaa zaidi ungeonyesha ufa mapema na mpana kuliko huo. Dawa yake ni kuuacha ubao wa juu uwe huru. Toboa matundu marefu kwenye fremu, si ya duara, ili skrubu iweze kuteleza, au chonga vibanio vidogo vya mbao ambavyo ulimi wake unaingia katika mfereji uliochimbwa upande wa ndani wa fremu. Gundi itumike kati ya mbao na mbao za juu peke yake. Kati ya ubao wa juu na fremu isiwepo hata tone. Meza hiyo inaweza kuokolewa: ng'oa misumari, pasua ubao kwenye ufa wenyewe, nyoosha kingo kwa randa ndefu, unganisha upya, kisha ufunge kwa vibanio.

Sasa kuhusu kukausha. Mafundi wengi walioandika wamenipa hesabu ya miezi, mmoja akisema mitatu, mwingine akisema mwaka mzima kwa kila inchi ya unene. Mimi sipendi hesabu ya miezi, kwa sababu mbao za mninga zilizopangwa vizuri Juni huwa tayari muda mrefu kabla ya zile zilizolundikwa ovyo Desemba. Panga mbao kivulini penye upepo, zikiwa juu ya ardhi kwa sentimita 40 hivi, na kati ya safu na safu weka vijiti vya unene mmoja, kila kijiti kikiwa juu kabisa ya kile cha chini yake, maana vijiti vikipishana mbao hujifunza kupinda. Paka ncha rangi ya mafuta au nta siku ileile ya kupasua, kwa sababu maji hutoka kwa kasi zaidi kupitia nchani na hapo ndipo nyufa huanzia.

Kisha pima. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si nchani, ukipime kwenye mizani ya jikoni, ukikaushe katika oveni ya moto mdogo hadi uzito wake uache kupungua, ukipime tena. Kikianza na gramu 580 na kuishia gramu 500, maji yaliyotoka ni gramu 80, ambayo ni asilimia 16 ya uzito mkavu: mbao hizo zinafaa kwa nyumba ya pwani, lakini kwa ofisi yenye kiyoyozi, au kwa mteja atakayehamia Dodoma, bado ni mbichi. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na sielewi kwa nini hakifundishwi katika kila karakana inayopokea wanagenzi.

Mkongo kila mahali katika chombo

*Tunaunda mashua na majahazi hapa Kilwa Kivinje. Wazee wetu walitumia mvule kwa mbao za ubavuni na miti iliyopinda kwa mataruma, yaani mbavu za chombo. Vijana sasa wanaleta mkongo kila mahali, hata juu kabisa. Mimi naona chombo kitakuwa kizito. Nimekosea?*

Hujakosea, mzee wangu, na hesabu iko upande wako. Ubao wa urefu wa mita 4, upana wa sentimita 25 na unene wa sentimita 4 ukiwa wa mvule una uzito wa kilo 26 hivi. Ukiwa wa mkongo unafika kilo 32. Mbao 60 za namna hiyo zinaongeza kilo 360, na kama uzito huo uko juu ya mstari wa maji, chombo kinayumba zaidi na kinabeba shehena ndogo zaidi. Mkongo una mahali pake katika mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na katika mbao za chini zinazogusa mchanga kila maji yanapokupwa. Kutoka hapo kwenda juu, mvule unatosha, na kwa maoni yangu ni mti bora zaidi wa ubavu kwa sababu unavumilia kulowa na kukauka bila kulalamika. Kasoro yake inajulikana kwa kila mwenye msumeno: ndani ya baadhi ya magogo hujengeka mawe ya chokaa, ambayo hayaonekani mpaka meno ya msumeno yanapovunjika. Ukisikia sauti imebadilika, simama.

Kwa mataruma, wazee walikuwa sahihi kuliko kiwanda chochote. Taruma lililokatwa kutoka mti ulioota umepinda, kama mtondoo wa ufukweni au tawi la mwembe, lina nyuzi zinazofuata mkunjo toka mwanzo hadi mwisho. Lililopasuliwa kwa msumeno kutoka ubao ulionyooka lina nyuzi zilizokatwa katikati ya mkunjo, na hapo ndipo hukatika wimbi linapopiga. Mikoko nayo ilitoa mataruma mazuri, lakini misitu ya mikoko ni hifadhi, na haikatwi bila kibali; msimwache kijana yeyote awaletee vigogo vya mkoko usiku kwa bei nafuu.

Nyongeza moja: hakuna mti kati ya hiyo ambao wadudu wa baharini watoboao mbao wameapa kutougusa. Desturi ya kukipandisha chombo ufukweni, kukichoma chini kwa makuti makavu na kukipaka deheni ya chokaa na mafuta inaongeza maisha ya chombo kuliko kubadilisha aina ya mbao.

Mpingo unaopasuka

*Ninachonga mpingo hapa Mtwara mjini, kama walivyofanya babu zangu kule Umakonde. Vinyago vyangu vikifika katika hoteli zenye viyoyozi vinapasuka. Rafiki yangu ananishauri nihamie muhuhu au mkongo. Tena nimesikia mpingo umepigwa marufuku kuuzwa nje. Ukweli ni upi?*

Usihame. Mkongo haukufai, kwa sababu vinyweleo vyake ni vikubwa na hauwezi kushika vidole, kope na mikunjo ya nguo kwa ukali unaoujua wewe. Muhuhu ni mti wa heshima, mgumu, wenye harufu nzuri, na ninawasifu wanaouchonga. Lakini anayekuja kwako anataka weusi na uzito wa mpingo, na hatauona katika muhuhu. (Mti mwepesi una nafasi yake katika utamaduni wenu pia: vinyago vya mapiko huchongwa katika mbao nyepesi kwa sababu mchezaji huvivaa kichwani na kuruka navyo, na mpingo ungemvunja shingo.)

Mita ya ujazo ya mpingo mkavu ina uzito unaozidi kilo 1,200, na ndiyo maana kipande chake huzama majini. Mbao nzito kiasi hicho hutoa maji polepole mno. Uso hukauka na kutaka kusinyaa wakati ndani bado kumejaa maji, na uso usipopata nafasi hupasuka. Kiyoyozi hufanya kwa wiki moja kazi ambayo upepo wa Mtwara ungeifanya kwa miezi mingi. Kwa hiyo ukaushaji lazima ufanyike kwako, kabla ya hoteli. Likifika gogo, paka ncha zake nta. Kisha lipasue kupitia moyo, yaani ule mstari mwembamba wa katikati kabisa, na uuondoe, kwa sababu kinyago chenye moyo ndani yake kitapasuka tu, leo au baada ya miaka. Chonga umbo la jumla kwa tezo, ukiacha unene wa ziada kila upande, ulifunike kwa mabaki ya kuchonga ndani ya gunia, ulihifadhi kivulini mbali na jua na mlango. Baada ya kipimo cha mizani kuonyesha kwamba uzito umeacha kupungua, ndipo umalizie kwa patasi ndogo, tupa na msasa.

Kwa zile nguzo kubwa za ujamaa, ambazo watu wa vizazi kadhaa hupandana kuuzunguka mti mzima, ushauri wa kuondoa moyo hauwezekani. Hapo chagua tangu mwanzo upande utakaobeba ufa, uwe nyuma, na ufa ukitokea ujaze kwa ungaunga wa mpingo uliochanganywa na gundi. Mnunuzi aelezwe hivyo kabla ya kulipa.

Kuhusu marufuku, habari uliyoisikia imepotoshwa. Tangu tarehe 2 Januari 2017, miti yote ya jamii ya mpingo ambayo haikuwa na ulinzi mkali zaidi iliwekwa katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ambacho hakikatazi biashara ila huitaka iwe na vibali. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa: ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika sharti hilo, na vilevile bidhaa zilizokamilika ambazo uzito wa mbao hizo hauzidi kilo 10 kwa shehena moja. Mtalii anayebeba kinyago kidogo yumo ndani ya nafuu hiyo kwa upande wa CITES; anayesafirisha kreti zima hayumo. Sheria za nchi yetu ni jambo jingine, na magogo ya miti ya asili hayaruhusiwi kusafirishwa nje yakiwa mazima, hivyo kabla ya mzigo wowote mkubwa nenda kwenye ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS.

Na kama unataka mpingo ambao asili yake inajulikana, karibu na wewe upo. Vijiji vya Wilaya ya Kilwa vilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri, mwaka 2009 kwa misitu vinavyoimiliki na kuisimamia vyenyewe. Waundaji wa klarineti na obo huko Ulaya huhitaji vipande vilivyonyooka, vyeusi tupu, visivyo na fundo wala ufa, na sehemu kubwa ya kila gogo hukataliwa. Kilichopinda na chenye weupe wa nje ubavuni hakina thamani kwao. Kwako ni mali. Mchongaji anayejua kazi huutumia ule weupe kama ukingo wa shuka au mvi za mzee.

Kabati la unga mweupe

*Shikamoo fundi. Niliuziwa kabati lililosemwa kuwa la mninga, na sasa linadondosha unga mwembamba kila ninapofagia. Nitatambuaje mninga halisi kabla sijatoa fedha? Mimi ni mama wa nyumbani, Nachingwea.*

Marahaba, mama. Unga huo hutoka kwenye matundu ya vidudu wanaokula sehemu nyeupe ya nje ya mti, na inawezekana kabisa kwamba kabati lako ni la mninga kweli, isipokuwa fundi alitumia ile sehemu nyeupe na kuifunika kwa rangi ili asitupe mbao. Kiini cha mninga kina rangi ya kahawia ya dhahabu hadi kahawia nyekundu, mara nyingi chenye michirizi, na kinatofautiana waziwazi na weupe wa manjano unaokizunguka. Kwa hiyo usitazame mlango wa mbele uliong'arishwa. Vuta droo, igeuze, tazama mgongo wa kabati na chini ya miguu, sehemu ambazo fundi mwenye haraka hazipaki. Omba ruhusa ukwangue kidogo kwa kisu mahali pasipoonekana: chini ya rangi ukikuta mbao nyeupe au yenye mafundo mengi na harufu ya utomvu wa msonobari, muuzaji amekudanganya. Rangi iliyo sawasawa kila mahali ni dalili mbaya pia, kwa kuwa mninga wa kweli hauna ubao unaofanana kabisa na mwenzake.

Muulize vilevile mbao zilitoka wapi. Mbao halali za miti ya asili hugongwa nyundo ya afisa misitu na husafiri na hati yake. Fundi mwenye stakabadhi hukuonyesha bila kununa. Kabati ulilonalo linaweza kupakwa dawa ya mbao kwa bomba la sindano, tundu kwa tundu, na mbao zilizoliwa sana zibadilishwe.

Msaji wa Rondo

*Ninajifunza useremala Lindi. Mwalimu wetu anataka tutengeneze mabenchi ya uwanjani na anasema tuchague kati ya msaji (mtiki) na mvule. Msaji wa shamba la Rondo unapatikana kwa urahisi. Tuchague upi?*

Kijana wangu, chagueni msaji, kwa sharti kwamba mtakagua umri wa gogo. Msaji uliokomaa una mafuta yake ya asili yanayoukinga na mvua na mchwa, na benchi lake linaweza kuachwa bila rangi likageuka kijivu cha fedha bila kuoza. Msaji wa shamba uliovunwa ukiwa mchanga una sehemu kubwa nyeupe isiyo na kinga hiyo, na wauzaji huiuza pamoja na kiini kwa bei moja. Ikatweni na kuitupa, au itumieni ndani ya nyumba. Mafuta hayohayo huizuia gundi, basi pigeni randa kingo siku ileile ya kuunganisha na kuzifuta kwa kitambaa chenye spiriti. Msishangae visu vya randa vikiisha makali haraka, kwa sababu mti huu una chembechembe za mchanga ndani ya mbao zake. Mvule uacheni kwa waunda majahazi. Misitu ya asili ya Rondo ilishatoa mvule wa kutosha.

Mikorosho ya zamani

*Tunang'oa mikorosho mizee hapa Tandahimba ili kupanda mipya. Je, mbao zake zinafaa kitu, au ni mkaa tu?*

Zinafaa makreti, vigoda vya kupaka rangi na mbao za kumwagia zege. Hazifai chochote kitakachogusa ardhi, na vidudu huzishambulia mara tu zinapokatwa, kwa hiyo zipasueni na kuzipaka dawa wiki ileile au muziache zichomwe mkaa kwa amani. Msomaji mmoja ameuliza kama mafuta ya ganda la korosho yanaweza kupakwa kwenye nguzo kuzuia mchwa. Yanaweza, na wavuvi wa India huyatumia kwenye vyombo vyao. Ila yanaunguza ngozi vibaya, na asiyekuwa na glavu asiyaguse.

Kinu na mpini

*Bibi yangu hapa Newala anataka kinu kipya na mimi nataka mpini wa shoka. Mafundi wananipa majibu tofauti. Nipe lako.*

Kinu kiwe cha mkwaju: mti mzito, hauachi ladha mbaya katika unga, na haupasuki kwa urahisi kama utachimbwa ungali mbichi na kukaushwa taratibu ukiwa umejazwa pumba. Mpini usiwe wa mpingo, hata kama mwenzako anajivunia wake. Mpingo haupokei mshtuko, huurudisha wote mkononi, na siku moja hukatika ghafla. Tafuta mkole, ambao watu wa kusini waliutumia kwa pinde kwa sababu unapinda na kurudi. Uchague ulionyooka tangu porini, usipasuliwe kutoka ubao mpana, na ukitazama ncha yake uhakikishe mistari ya nyuzi inaelekea upande uleule na makali ya shoka.